Magego ya Yeronimo

Jumanne chumba namba saba huwa kitupu.
Bwana Lieven, mlinzi, hunifungulia stoo,
nami naburura miguu yangu mitatu ya mbao hadi mbele ya mzee
aliyepiga goti mwambani, kifua wazi, jiwe mkononi.
Kibao chasema: Mtakatifu Yeronimo akitubu. Mchoraji hajulikani.
Kanuni za makumbusho nazo zasema nakala isilingane na asili,
ipungue shubiri moja kila upande,
asije mtu akauza uongo.
Basi Yeronimo wangu ni mdogo.
Hata simba wake ni kama paka wa jirani.

Wiki tatu nilimpaka kijani.
"Maiti huyo?" aliuliza Firmin, mume wangu.
Nikamwambia ngozi haianzi na ngozi.
Chini ya wekundu wa kiwiko kuna udongo wa kijani,
chini ya kijani mkaa, chini ya mkaa gundi na kitani,
na rangi ya kwanza sharti iwe konda, ya juu ndiyo iwe nono;
mafuta yakitangulia, picha hupasuka
kama kisigino wakati wa baridi.

Mwalimu Dhooge hagusi brashi yangu.
Husimama nyuma, pumzi yake inanuka kahawa.
"Usichore mkono. Chora giza lililo kati ya mkono na ubavu."
Nikachora giza.
Mkono ukaja wenyewe, kama mgeni aliyechoka kungoja mwaliko.

Ila shavu.
Shavu la kushoto lilinikatalia Jumanne nne.
Nikachanganya nyeupe, hudhurungi, tone la wekundu,
nikafifiza kwa brashi kavu, nikafuta, nikaanza tena.
"Limenenepa, Godelieve," alisema Dhooge, akaenda zake.

Nikaketi. Nikamtazama mzee,
si kama mchoraji; nikamtazama nilivyowatazama watu kazini,
miaka thelathini na nne katika karakana ya meno hapa Ghent,
nikichonga magego ya kaure kwa vinywa nisivyovijua.
Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo.
Mimi nililipwa mshahara kuwapinga.

Hapo nikaona.
Lile bonde ambalo kitabu cha makumbusho huliita uchungu wa toba
si toba.
Mtu huyu hana magego.
La juu la pili, la juu la tatu, upande wa kushoto,
yaling'oka zamani, fizi ikakauka,
shavu likaingia ndani kuziba nafasi.
Alikuwa nani? Mpagazi wa gatini, mwuza konokono,
nusu kibogoyo aliyepewa sarafu na bakuli la supu
akae bila shati asubuhi ya barafu,
ashike jiwe, awe mtakatifu.
Na yule asiyejulikana akamchora alivyo.
Mimi, kwa mazoea tu, mkono ukijiendea,
nilikuwa nimempa meno.

Nikachukua kisu.
Rangi ilikuwa bado mbichi, ikatoka kama siagi.
Gego la kwanza. Gego la pili.
Nikamng'oa bila ganzi.
"Vumilia, mzee," nikasema kwa sauti;
Bwana Lieven akageuka, kisha akajitia kusoma saa yake.
Kijani kikachungulia bondeni,
nami nikakiacha.

Jioni kwenye tramu nimemshika kwa kingo,
uso nimeugeuzia dirishani asije akafutwa na makoti ya watu,
na ulimi wangu unalipapasa pengo langu mwenyewe, la chini kulia,
ambalo kila mwaka nasema nitaliziba.

Shavu bado halijawa sawa. Jumanne nitarudi.
Na goti pia, sasa nikilitazama.